Damu Tuliyoirithi na Haki ya Jirani



Leo tutasema juu ya ugonjwa unaorithiwa, na juu ya wajibu unaotupasa tukisha kuujua.

Hutokea katika nyumba zetu kwamba mtoto anazaliwa akionekana mzima. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, vidole vyake vinavimba, analia kwa maumivu ya mifupa, macho yanakuwa ya manjano, damu inampungukia. Wazazi wanamzika, na wa pili anashikwa vivyo hivyo. Ndipo maneno yanapoanza. Mashemeji husema: mama huyu amekula watoto wake. Wengine wanatafuta mchawi. Mwisho mke anarudishwa kwao, na ndoa iliyobarikiwa altareni inavunjwa kwa ulimi.

Ugonjwa huo ni selimundu. Wengi wetu huuita SS. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa desturi ni za mviringo, hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Aliyetufumbulia siri ya urithi alikuwa mtawa, Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Agustino. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, akaeleza matokeo mwaka 1865. Aliona kwamba mmea hupokea urithi kutoka pande zote mbili, na kwamba sifa yaweza kujificha katika kizazi kimoja ikaonekana katika kingine. Mwaka 1949 daktari James Neel wa Marekani alionyesha kwamba selimundu hufuata kanuni hiyo hiyo.

Basi, mtoto mwenye SS amepokea jeni moja ya ugonjwa kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wenyewe kwa kawaida ni wazima. Damu yao huitwa AS. Wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto wa SS, nafasi 2 za AS, na nafasi 1 ya AA, asiye na jeni hiyo kabisa. Na kila mimba huanza hesabu upya. Shemeji anayemnyoshea mama kidole ajue kwamba nusu ya urithi ule imetoka katika ukoo wake mwenyewe.

Tena si laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake Kenya na Uganda, alieleza kwamba mwenye AS hukingwa kwa sehemu na malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo imeenea katika nchi zetu za malaria. Nasi tunakumbuka katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walivyomwuliza Bwana kama kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au ya wazazi wake. Bwana alikana yote mawili.

Sasa tujibu maulizo manne.

Ulizo: Wachumba wapimwe damu?
Jibu: Ni jambo la busara, nalo lifanywe kwa hiari, mapema, kabla mahari haijatolewa na ndoa haijatangazwa kanisani.

Ulizo: Wakionekana wote AS, Kanisa linawakataza kuoana?
Jibu: Hapana. Urithi huo si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa. Waelezwe vema, wasali, waamue wenyewe. Na mtoto akiisha kutungwa mimba, uhai wake ni mtakatifu, hata damu yake iweje.

Ulizo: Katekista akijua matokeo ya mtu, afanye nini?
Jibu: Anyamaze. Matokeo ni mali ya aliyepimwa. Kuyapeleka sokoni au kwa wakwe ni kuiba jina jema la jirani.

Ulizo: Watafiti wakija kijijini kuomba damu?
Jibu: Tusiwakimbie, wala tusiwape bila kuuliza. Damu itafanyiwa nini? Itahifadhiwa wapi? Nani ataona jina langu? Tangazo la UNESCO la tarehe 11 Novemba 1997 lasema kwamba mtu akubali kwa hiari baada ya kuelezwa, aweze kuamua kama anataka kujua matokeo, na asibaguliwe kwa sababu ya urithi wake. Ruhusa ya chifu haitoshi mahali pa ruhusa ya mtu mwenyewe.

Utafiti mwema huzaa matunda. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Watoto hao wametusaidia sote, kwa kuwa wazazi wao waliuliza, wakaelewa, wakakubali.

Kwa hiyo elimu hii yataka mafunzo ya namna mbili. Vijana wanaosomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1989, hawana budi kujua kusoma damu. Wajue pia kumweleza mama habari nzito kwa lugha anayoielewa, mlango ukiwa umefungwa. Na sisi wa vijijini tujifunze kusikia habari hiyo bila kumtafuta mkosaji.

Azimio la juma hili: kama kuna mama jirani aliyesingiziwa kwa sababu ya mtoto wake mgonjwa, tumtembelee. Tumsaidie kumpeleka mtoto hospitalini, na tumweleze mumewe haya tuliyoyasikia leo.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetuumba mwili na roho, utujalie kuijua kazi yako bila kiburi, na kuwapenda wagonjwa wetu bila kuwahukumu. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.