Dawa za Cheti na Fedha za Mavuno

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa viongozi wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, Kagera)



Nimeombwa nizungumzie gharama za dawa. Huenda wapo watakaouliza jambo hilo linamhusu nini mkaguzi wa mahesabu. Linamhusu, kwa kuwa linaonekana vitabuni. Mwanachama huuguliwa wakati kahawa ingali maua na nyumbani hamna fedha. Hapo ndipo butura inapopata mlango: kahawa huuzwa ingali mtini kwa bei ya kutupa, na msimu ufikapo chama hakipati kilo wala mwanachama hapati malipo. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, lakini marufuku peke yake haimnunulii mgonjwa dawa.

Tuanze na sheria. Dawa za cheti hutolewa kwa maandishi ya tabibu anayetambuliwa. Famasi husimamiwa na mfamasia. Duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, huruhusiwa kuuza baadhi tu ya dawa za cheti, na mwuzaji wake sharti awe amepata mafunzo. Dawa za Serikali zitokazo Bohari ya Dawa huwekwa alama maalumu. Kuziuza katika duka la mtu binafsi ni kosa.

Sheria hizo zinalinda pia mfuko wa mwanachama. Anayenunua vidonge vinne vya dozi ya siku saba hajaokoa kitu. Ugonjwa utarudi, naye atanunua tena. Tena, dawa moja huweza kuwa na majina mengi ya kibiashara na bei mbalimbali. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza mfamasia kama ipo ya bei nafuu yenye kiambato hicho hicho.

Sasa nije kwenye msaada. Uchangiaji wa gharama katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Aidha, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee wa namna hiyo atambuliwe na uongozi wa kijiji chake mapema, kabla hajaugua.

Ndugu Wajumbe, mchango wa bima hautaki utajiri. Unataka fedha wakati wake. Mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, na fedha hizo hupita mikononi mwa chama. Kwa hiyo basi, chama ndicho chenye nafasi ya kumsaidia kulipa anapouza, ili atibiwe asipokuwa na kitu. Napendekeza yafuatayo:

(a) Mkutano Mkuu uamue, na kila mwanachama anayetaka akubali makato kwa maandishi. Asiyetaka asikatwe.

(b) Fedha za makato ziwekwe katika akaunti yake peke yake, zisichanganywe na za kununulia mazao au kulipia magunia.

(c) Zipelekwe bimani mara moja, na stakabadhi isomwe mbele ya wanachama.

Nasisitiza (b) na (c) kwa sababu. Katika chama kimoja nilichokikagua, makato yalikatwa kwa uaminifu, kisha yakaazimwa kulipia usafirishaji wa mazao. Hakuna aliyeiba hata senti. Lakini wanachama walipofika dirishani na watoto wagonjwa, majina yao hayakuwamo. Msimu uliofuata wengi walirudi kwenye butura, na hakuna aliyeweza kuwalaumu.

Kujali jamii ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika. Chama kisichomjali mwanachama akiwa mgonjwa kisishangae kahawa yake ikipita mlango mwingine. Ajenda hii iwekwe katika Mkutano Mkuu kabla mizani haijafunguliwa.