Ukifungiwa WhatsApp, Usimsomee Mtu Zile Tarakimu 6

Hotuba kwa mabaraza na mikutano ya vikundi vya wafanyabiashara wadogo, Kitui na Makueni



Msimu wa maembe ukifika, si lazima tena mnunuzi wa Nairobi au Mombasa asafiri hadi Wote kuuliza bei. Anatumiwa picha kwa WhatsApp. Ndengu za Kitui ni vivyo hivyo, na viondo, na asali ya Mwingi. Kwa hivyo mfanyabiashara akiamka asubuhi na kukuta ujumbe kwamba akaunti yake hairuhusiwi kutumia WhatsApp, duka lake limefungwa, na maembe hayangoji.

Kwanza, laini haijafungwa. M-Pesa inafanya kazi na simu zinapigwa. Kilichofungwa ni akaunti, nayo hufungwa kwa nambari. Kununua simu nyingine na kuweka kadi ile ile ni kutupa pesa.

Njia ya kuifungua iko ndani ya programu yenyewe. Ifungue, andika nambari yako, na ujumbe wa kufungiwa ukitokea tafuta mahali pa kuomba ukaguzi. Utatumiwa nambari ya tarakimu 6 kwa ujumbe mfupi. Iandike, kisha eleza kwa ufupi kazi unayofanya na akaunti hiyo. "Nauza ndengu kwa wateja walionipa nambari zao" yatosha, ikiwa ni kweli. Jibu huja kwenye programu hiyo hiyo. Hakuna ada. Ofisi ya kaunti haiwezi kukufungulia, wala chifu, wala polisi. Fundi wa simu sokoni hawezi pia, hata akidai ana mtu wake ndani ya kampuni.

Walaghai huingilia hapo. Anayejitolea kukufungulia kwa malipo kidogo atakuomba zile tarakimu 6. Ukimsomea, akaunti ikifunguliwa inaingia mikononi mwake, na kesho wateja wako wanaombwa pesa kwa jina lako. Usimsomee mtu, hata awe mwana wa dada yako. Ukisharudi, weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, ambayo pia ni ya tarakimu 6, na uichague mwenyewe.

Wengi hufungiwa kwa mambo wanayoyaona ya kawaida: kutuma tangazo moja kwa mamia ya watu wasiowajua, kuwaingiza watu kwenye makundi bila kuwauliza, au kutumia programu zisizo rasmi kama GB WhatsApp. Hii ya mwisho mara nyingi huleta adhabu ya muda, na utaona saa ikihesabu kurudi nyuma. Weka programu rasmi, usubiri.

Lakini wapo wasio na kosa. Nchini India, ambako sheria inailazimu kampuni kutoa ripoti, akaunti zaidi ya milioni 2 zilifungwa kati ya Mei 15 na Juni 15, 2021. Kazi kubwa namna hiyo hufanywa na mitambo, na mitambo hukosea.

Ukikataliwa bila haki, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mtambo peke yake. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Safari hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko msimu wa maembe, lakini ipo.

Kwa vikundi: kundi la WhatsApp liwe na wasimamizi wawili au zaidi, mmoja akifungiwa mwingine aendelee. Nambari za wanunuzi, hasa wale ambao hamjawahi kuwahifadhi kwenye simu, ziandikwe leo kwenye daftari la kikundi, na daftari likae kwa katibu.