Mkono Ndani ya Gunia

(Mawaidha kwa vijana wa Subukia, baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu vijana, hukumu za saumu mmezisikia tangu mwezi uandame. Leo tuzungumze juu ya kile tunachofuturia. Mahindi.

Kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni mnakijua, amekipokea Imam Muslim. Alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Sasa tutie mkono kwenye gunia letu hapa Subukia. Tunavuna kuanzia Oktoba, na mara nyingine mvua inatukuta shambani. Karo ya Januari inangoja, broka ameegesha lori barabarani. Basi tunapukuchua mahindi hayajakauka, makavu tunayaweka juu. Hata mimi nimefanya hivyo, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilijiambia ni maji tu.

Si maji tu. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Kuipika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, waliugua watu 317 na 125 wakafa. Wengi wao walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, waliyoyaweka ndani yakiwa mabichi. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini. Na wale mnaosema yaliyooza ni ya ng'ombe, jueni sumu hupita hadi kwenye maziwa, haya haya ya chai ya futari.

Serikali ina kanuni. Sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na Bodi ya Nafaka haitaki mahindi yenye unyevu wa kupita asilimia 13.5. Kanuni nzuri. Lakini nawauliza, gunia lililokataliwa Nakuru huenda wapi? Nani amewahi kuona likizikwa? Linauzwa kwa gorogoro, linasagwa mtaani, linaliwa na asiyeweza kununua unga wa pakiti. Na hata pakiti si ngao: Novemba 2019 Shirika la Viwango lilipiga marufuku aina tano za unga kwa sumu hii hii.

Kumkataa mkulima langoni bila kumpa mahali pa kukaushia ni kuisukuma sumu kwa maskini. Kilimo na afya viko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo wa kumuuliza tunaye. Tudai mashine ya kukaushia karibu na mashamba, si mjini tu. Turubai tunaweza kuchanga wenyewe.

Zakatul-fitri nayo inakaribia. Qur'ani imetukataza kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kwa hivyo kabla ya kukusanya pishi zetu, Jumamosi kila mmoja alete mahindi kidogo ya stoo yake, na chupa ya kioo iliyokauka. Tutatia mahindi na chumvi kavu, tutatikisa, tutaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayo bado mabichi; yanarudi juani. Mimi nitaanza na yangu.