Malale: Utafiti wa Ubongo Usiishie Njiani

Isangi, katika jimbo la Tshopo, mahali Mto Lomami unapoingia katika Mto Kongo, ni miongoni mwa sehemu chache ambako wagonjwa na wauguzi walishiriki utafiti uliogeuza tiba ya malale, yaani ugonjwa wa usingizi, kutoka sindano iliyoogopwa hadi vidonge vya kumezwa. Mafanikio hayo ya sayansi ya ubongo ni mali ya wananchi wa jimbo hili, na ni wajibu wa serikali na jamii kuyalinda hasa sasa, wakati wagonjwa wamepungua na ugonjwa unaanza kusahaulika.

Malale huletwa na tripanosoma, kimelea cha seli moja ambacho mbung'o humwachia mtu anapomuuma, mara nyingi kwenye vichaka vya kando ya mito. Katika hatua ya kwanza kimelea huishi katika damu, na mgonjwa hupata homa, maumivu ya kichwa na uvimbe wa tezi za shingoni. Miezi au hata miaka baadaye kimelea huvuka kizuizi cha ubongo, yaani ukuta wa seli zilizoshikamana katika mishipa midogo ya damu, ambao kazi yake ni kuzuia vitu vyenye madhara visipenye ndani ya ubongo. Ushahidi wa hatua hiyo ya pili ulianza kupatikana mwaka 1902 huko Entebbe, Uganda, pale daktari Aldo Castellani alipokiona kimelea hicho katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa.

Kinachovurugika hapo ni mpangilio wa usingizi kuliko wingi wake: mgonjwa husinzia mchana huku tonge likiwa mkononi, na usiku hukesha macho makavu. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kimelea huvuruga saa ya ndani ya mwili, yaani utaratibu wa seli unaotenganisha saa za kulala na saa za kuamka. Tabia nazo hubadilika, mtu mpole akawa mkali, akasema maneno yasiyoeleweka na kuyumba anapotembea, hata ndugu zake wakadhani amerogwa, na wakati wanatafuta mganga ubongo unazidi kuharibika. Asipotibiwa, kwa kawaida mgonjwa huishia kuzimia na kufa.

Ugumu wa tiba ulitokana na ukuta ule ule unaolinda ubongo, kwa kuwa unazuia pia dawa nyingi. Melarsoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliweza kuuvuka, lakini ilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu, na iliua takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa. Eflornithine, iliyofuata, ilikuwa salama zaidi, ila ilidai dripu 56 kwa siku 14, moja kila baada ya saa sita, na hivyo muuguzi wa hospitali ya kijijini alilazimika kuamka usiku wa manane, wiki mbili mfululizo, kutundika chupa nyingine. Jaribio ambalo Isangi ilishiriki, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2009, lilithibitisha kwamba dawa hiyo ikiunganishwa na vidonge vya nifurtimox, dripu 14 kwa siku 7 zinatosha.

Hatua iliyofuata iliongozwa na daktari Mkongomani, Victor Kande, katika utafiti wa wagonjwa 394 wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliochapishwa mwaka 2017. Fexinidazole, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, iliponya wagonjwa 91 katika kila 100, ilhali dripu iliponya karibu 98, na ndiyo maana wale ambao ubongo wao umeathirika sana bado hupewa dripu. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya acoziborole, vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja tu, ambayo iliponya takriban 95 katika kila wagonjwa 100 wa hatua ya pili.

Barani Afrika, wagonjwa waliosajiliwa walikaribia 40,000 mwaka 1998, na tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa Wakongomani. Idadi hiyo haipaswi kumlaza mtu, kwa sababu karibu na mwaka 1960 malale yalikuwa yameshakaribia kwisha nchini, kisha timu za kupima vijijini zikakosa fedha na ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Kwa hiyo serikali iendelee kuzigharimia timu hizo, wauguzi wapya wafundishwe kupapasa tezi za shingo na kumshuku tripanosoma kila wanapoona usingizi uliovurugika, nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wasaidiwe kuwafuatilia waliopona, ili ijulikane ubongo wao umebaki na kasoro gani. Familia nazo, zinapomwona ndugu aliyebadilika tabia na kukesha usiku, zimpeleke kwanza kituo cha afya, kwa kuwa dawa iliyogharimu miaka mingi ya utafiti haimfai mgonjwa aliyefichwa nyumbani.