Kugusana kwa Watu Mashambani na Mjini



Mtu wa shamba anaposhuka katika soko la mjini hustaajabia wingi wa watu, akadhani kwamba huko ndiko wanakogusana zaidi. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini kupishana na watu mia njiani si sawa na kupeana mkono na mmoja.

Kati ya Agosti 2011 na Januari 2012, wataalamu waliwapa watu wa Kilifi, wakubwa kwa wadogo, madaftari ya kuandika kila mtu waliyegusana naye kwa siku moja. Madaftari 568 yalifaa kuhesabiwa. Yalionyesha ya kuwa mtu wa shamba aligusana na watu 18.8 kwa siku, na yule wa sehemu zenye umbo la mji watu 15.6. (Msicheke hiyo sehemu ya mtu, ni hesabu ya wastani.)

Waliozidi wote ni watoto wa miaka 6 hadi 15. Tena wanafunzi wa mashambani waligusana wao kwa wao mara mbili kuliko wenzao wa karibu na mji.

Basi asiseme mzee kwamba kwetu hakuna msongamano, hivyo mafua hayatufikii. Mtoto arudiye kutoka shule na kikohozi ndiye huyo huyo ampakataye mdogo wake, mama akienda kuteka maji. Na kitoto kisichotimiza mwaka, ambacho hakijui njia ya sokoni, kiliguswa na watu karibu 14 kwa siku.