Mchoro wa Ajali Usiwe Mali ya Tajiri Peke Yake

(Maneno ya mwanachama wetu wa reli mbele ya waendesha bodaboda, mabaharia na mafundi, Siyu, Kisiwa cha Pate.)



Nimeombwa niseme juu ya michoro ya ajali za barabarani, na jinsi mfanyakazi wa mshahara mdogo awezavyo kupata programu ya kompyuta ya kuchorea bila kuuza mashua yake. Pengine mmoja wenu ajiuliza, mtu wa reli ana shauri gani na Siyu, mji usio na reli wala stesheni? Jibu langu ni fupi. Pikipiki zimekwisha kuingia Pate. Zachukua abiria kutoka gati la Mtangawanda, zapita katika njia za mchanga ambazo zamani zilikuwa za punda na waendao kwa miguu tu. Tena huko bara, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, na mpango wa LAPSSET uliozinduliwa mwaka 2012 una barabara kubwa na reli ndani yake. Watakaoendesha malori hayo ni vijana wetu. Basi yatupasa kujifunza kabla ya msiba, si baada yake.

MCHORO UNA KAZI GANI?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, yaani Mlango 403, yamwamuru dereva aliyepata ajali asimame, atoe jina lake, na kama hakulitoa apige ripoti polisi upesi, bila kupita saa 24. Askari akija hupima na kuchora. Mchoro huo ndio unaozungumza baadaye, wakati ninyi nyote mmekwisha kurudi makwenu na mvua imefuta alama.

Na kama ajali imetokea kazini, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo yatupa miezi 12 tangu siku ya ajali kudai fidia. Miezi 12 ni mingi kwa kusahau, lakini ni michache kwa kutafuta ushahidi uliokwisha potea.

Namkumbuka mwenzetu mmoja, dereva wa pikapu ya kampuni. Gari lake lilipinduka njiani. Tajiri alileta mtaalamu na kompyuta yake, wakatoa mchoro mzuri wa rangi, nao ulionyesha gari likiwa nje ya njia yake. Yule mwenzetu alisema palikuwa na shimo, naye alilikwepa. Wakamwuliza, shimo lilikuwa wapi, upana wake kiasi gani, na umbali wake kutoka ukingo wa barabara ni mita ngapi? Hakuwa na jibu. Shimo lilikuwa limekwisha kujazwa kifusi. Kazi ikaenda, na fidia ikaenda. Sisemi yule mtaalamu alisema uwongo. Nasema upande mmoja ulikuja na vipimo, na upande wa pili ulikuja na mdomo.

KWANZA FUTI, KOMPYUTA BAADAYE

Ndugu zangu, msidanganyike kwamba kompyuta ndiyo ichorayo ajali. Kompyuta huandika yale uliyopima. Usipopima, itakupa uwongo uliopambwa.

Kwanza kabisa ni mtu. Majeruhi akilia, weka futi chini ukamsaidie. Ikiwa ni lazima chombo kiondolewe ili mtu aokolewe, tia alama mahali yalipo magurudumu. Kwenye lami tumia chokaa. Kwenye mchanga wa hapa piga vigingi vya mkoko, kwa maana alama ya tairi mchangani haingoji, punda kumi wakipita imekwisha.

Pili, chagua vitu viwili visivyohama. Hapa Siyu hamna shida: pembe ya Ngome haitatembea, wala pembe ya msikiti. Nguzo ya mbao yaweza kung'olewa, na mti waweza kukatwa. Pima umbali baina ya vitu hivyo viwili. Kisha pima kutoka kila kimoja hadi gurudumu la pikipiki. Ukiwa na vipimo hivyo vitatu, mahali pa gurudumu pamefungwa. Ukichora kwa bikari, duara mbili zitakutana mahali pawili, pamoja upande huu na pamoja upande wa pili. Kwa hiyo andika katika daftari ni upande gani, baharini au mjini.

Tatu, kama njia imenyoka, iko namna nyepesi zaidi. Laza futi kandokando ya njia, kisha pima kutoka futi kwenda kwenye kila kitu kwa pembe mraba. Pembe mraba mafundi wa nyumba mwaijua: mita 3, mita 4, na mshazari mita 5.

Nne, piga picha kwa simu, lakini weka ndani ya picha kitu chenye urefu unaojulikana. Sisi wa reli tuna bahati hapo. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1 kamili baina ya chuma na chuma. Ile mpya ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Picha yoyote ya ajali kwenye kivuko cha reli ina futi yake ndani. Na vivuko hivyo si mchezo: tarehe 30 Oktoba 2013 treni iligongana na basi la abiria jijini Nairobi, wakafa watu zaidi ya 10. Ninyi msio na reli kateni fito ya mita 1, muipake rangi nyekundu na nyeupe kila sentimita 10, muilaze karibu na alama mnayoipiga picha.

KWA NINI MITA CHACHE ZINA THAMANI

Gari likienda kilomita 50 kwa saa juu ya lami kavu, na magurudumu yakifungwa kabisa na breki, huburura kwa mita kama 14 kabla ya kusimama. Likienda kilomita 80 huburura mita kama 36. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, lakini alama imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Sasa fikirini: dereva ana alama ya mita 14, na mtu mwingine aandika kwa makadirio ya macho kwamba ni "mita kama 30". Amekwisha kufanywa mkimbiaji, na leseni yake iko hatarini. Futi ya mita 30 ingemwokoa. Lakini hesabu hiyo ni ya lami. Mchanga una tabia yake, msiitumie hapa kama msahafu.

PROGRAMU ZA BEI YETU

Ziko programu zilizotengenezwa hasa kwa polisi na watu wa bima, na ziko kubwa za wahandisi kama AutoCAD. Ni nzuri, sikatai. Lakini AutoCAD hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka, na ukiacha kulipa mlango wafungwa. Nyingine hukwambia "jaribu bure", ukachora kazi yako yote, kisha wakakudai fedha ili uichape. Tena wako watakaowauzia programu za wizi kwa bei ya chai. Msizinunue. Mara nyingi zina virusi, na wakili wa upande wa pili akijua, ataanza na hilo kabla ya kutazama mchoro wenu.

Programu zilizo huru na zisizodai hata senti ni hizi.

Ya kwanza ni LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010. Ndani yake mna sehemu iitwayo Draw. Hii ndiyo nawashauri kwa mwanzo. Mwaweza kuiambia kipimo cha ramani, kwa mfano 1 kwa 100, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya njia. Barabara ni mistari miwili, gari ni kisanduku, na urefu wa kila kitu mwauandika kwa tarakimu. Ina mistari ya vipimo ambayo huandika urefu yenyewe. Kumbukeni karatasi ya kawaida, ile A4, ni sentimita 21 kwa 29.7; kwa kipimo cha 1 kwa 100 haichukui hata mita 30 za njia. Ajali ikiwa ndefu, tumieni 1 kwa 200.

Ya pili ni Inkscape, ya tangu mwaka 2003. Hii ina mkono mwepesi zaidi kwa mistari ya kupinda, kama kona na njia panda. Ya tatu ni LibreCAD, kwa yule aliyezoea ramani za nyumba.

Kwa umbo la barabara yenyewe iko ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote aweza kuitumia, mradi aandike imetoka kwao. Hata kuichora mwaweza. Vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao wenyewe mwaka 2009, mtaa ambao ramani nyingi ziliuacha kama uwanja mtupu. Njia za Siyu, gati na mikoko yake, nani azijuaye kuliko ninyi?

Sasa sikilizeni shauri lililo la chama hasa. LibreOffice ina megabaiti zaidi ya 300. Kila mtu akiivuta kwa simu yake, bando zitakwisha. Lakini leseni yake yaturuhusu kuinakili. Mtu mmoja aivute mara moja penye mtandao mzuri, aitie kwenye flashi, na flashi hiyo izunguke matawi yote. Huo si wizi. Ndiyo maana ya neno "huru" katika programu hizi. Ikifika kwenye kompyuta yafanya kazi hata siku mtandao umelala.

MAONYO MATATU

La kwanza: msitupe daftari. Karatasi yenye mchanga na jasho, iliyoandikwa siku ileile, yenye tarehe, saa, na sahihi za waliopima na mashahidi, ina nguvu kuliko mchoro safi wa wiki ya pili. Mchoro wa kompyuta ni wa kumsaidia hakimu aone. Daftari ni la kumfanya aamini.

La pili: picha za simu na vitu vya kompyuta vikipelekwa kortini, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, yataka cheti cha kueleza vilivyopatikana. Kwa hiyo mpiga picha ajulikane, na simu isibadilishwe ovyo.

La tatu: chora pia lile lisilokupendeza. Kama pikipiki yetu ilikuwa upande usio wake, iwekwe upande usio wake. Mchoro ukificha jambo moja na jambo hilo likajulikana, yote mengine hayatasadikiwa, hata yaliyo kweli.

Ndugu wanachama, namaliza kwa kuleta shauri mbele ya mkutano. Kila tawi liwe na mfuko mmoja: futi ya mita 30, fito ya mita 1, chokaa, vigingi, daftari, kalamu mbili, na flashi yenye programu. Tawi lichague watu wawili wa kujifunza kuchora, nao wafundishe wengine wawili kila mwaka. Gharama yake yaweza kutoka katika michango yetu bila kuongeza ada.

Mji huu wajulikana tangu zamani kwa mafundi wake wa ngozi na mbao na kwa wanakili wa Misahafu, watu ambao mkono wao haukosei mstari. Watu kama hao hawatashindwa na mistari ya barabara. Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili lipigiwe kura leo.

Umoja ni nguvu.