Dawa Zimebaki Ngapi?
Maelezo ya Kamati ya Afya kwenye mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, wazee wetu, ndugu mliotoka nyumbani Usangi na ninyi mnaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko,

Tumepewa dakika chache tueleze kwa nini mwaka huu tunaomba mchango kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari. Katika vikao vyetu husikika sana maneno haya: "Mama mbishi, dawa tunanunua lakini hanywi." Tunaomba tuyaweke kando kwanza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Basi huu si ubishi wa Wapare.

Kwanza, kisukari kwa muda mrefu hakiumi. Malaria ikikupanda, unatafuta dawa mwenyewe. Kisukari huweza kuharibu macho, figo na miguu kimyakimya kwa miaka, na mgonjwa akijisikia mzima hudhani amepona. Aliyezoea dozi ya malaria ya siku 3 huona vigumu kukubali dozi isiyo na mwisho.

Pili, dawa zenyewe zina masharti. Metformini huweza kuvuruga tumbo, hasa mwanzoni, ndiyo maana huelekezwa inywewe pamoja na chakula. Glibenklamidi hushusha sukari hata kama hujala. Mama anayeimeza alfajiri, akaenda shamba na kupata makande saa nane mchana, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, hata kuanguka. Kesho yake ataiacha kwa woga. Vivyo hivyo anayetaka kufunga Ramadhani: anahitaji kumwona daktari kabla mwezi haujaandama, apangiwe upya saa na kiasi cha dawa. Asipopangiwa, hujipangia.

Tatu ni fedha na njia. Dawa zikikosekana zahanati, hununuliwa dukani, na kushuka mlimani kwenda hospitali ni nauli ya kwenda na kurudi. Vidonge vikibaki vichache, mzee humeza kimoja badala ya viwili ili vifike mwisho wa mwezi. Anabana matumizi, kama alivyobana alipotusomesha. Anayetumia insulini ana taabu ya ziada: chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na si kila nyumba ina friji.

Nne ni aibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tujiulize anaficha kwa nini. Akisema hakunywa, atagombezwa kliniki, na sisi watoto tutamgombeza kwa simu. Basi hujibu, "Nakunywa, mwanangu." Daktari akiona sukari iko juu, huongeza dozi ya dawa ambayo hainywewi. Siku mzee atakapoamua kuzinywa zote kama zilivyoandikwa, sukari inaweza kuporomoka akiwa peke yake nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba mchango wa mwaka huu uende kwenye mambo 3: akiba ya fedha za kununulia dawa pale zinapokosekana zahanati, mashine za kupimia sukari pamoja na vipimo vyake, maana mashine bila vipimo ni pambo, na nauli ya muuguzi kuvifikia vitongoji vya mbali mara moja kwa mwezi.

Lipo na jambo lisilohitaji shilingi. Ukipiga simu nyumbani, baada ya shikamoo, usiulize, "Umekunywa dawa?" Swali hilo lina jibu moja tu. Uliza, "Dawa zimebaki ngapi?" Zikiwa nyingi kuliko inavyotakiwa, usifoke, uliza, "Zinakusumbua wapi?" Kisha sikiliza. Usimwambie aache wala aongeze. Mtafutie nauli, na mtu wa kumsindikiza, akamweleze daktari hayohayo aliyokueleza wewe.

Wazee wetu wanatusikia wakati wote tukiwauliza. Mwaka huu tuwape nafasi ya kujibu ukweli, na tuwe na kitu mkononi watakapojibu.